Gari inapiga "tok" au "ta-ta-ta" ukikata kona? Jua inapiga wakati gani kabla hujanunua spea

Gari zetu hizi za kutoka Japani ukikaa nayo miaka miwili mitatu, na matuta ya mtaani, mashimo, vumbi, mvua ya masika imekukuta njiani maji yamefika mlangoni, siku moja tu unaingiza gari getini unakata steringi unasikia huko chini mbele kitu kimepiga tok. Unazima redio. Unarudi nyuma kidogo, unakata tena, tok. Hapo ndo safari ya kununua spea zisizohusika inapoanza.

Mi nilianza hivyohivyo. Nina Toyota IST, ilikuwa inagonga nikikata kushoto, nikaipeleka kwa fundi nikamwambia "gari inagonga nikikata kona", akasema hiyo sivi jointi, kile kiungo cha kwenye draivu shafti kinachoendelea kuzungusha tairi hata ukiwa umekata, hata kuinama hakuinama. Nikashuka Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, nikanunua draivu shafti (vyuma vinavyopeleka nguvu ya gia boksi kwenye tairi) mbili za used, zikafungwa, nikalipa ufundi, natoka tu pale gereji kona ya kwanza tok ileile inanisubiri. Ilikuja kuwa beringi ya juu ya shokapu. Simlaumu sana fundi maana na mimi sikumwambia kitu cha maana, sikumwambia kwamba inagonga hata gari ikiwa imesimama nikizungusha steringi tu. Hilo peke yake lingetosha kuitoa sivi jointi kwenye kesi, kwasababu ile ta-ta-ta ya sivi jointi inatoka tairi likiwa linazunguka, tairi likisimama na yenyewe inanyamaza.

Kwahiyo hapa nimepanga kwa jinsi gari inavyolalamika, sio kwa majina ya spea. Tafuta lalamiko la gari yako, anza na kinachotokea sana, shuka polepole.

Kabla hujashika jeki

Kaza nati za tairi. Sitanii. Kama juzi ulizibiwa pancha au ulibadilishiwa tairi alafu leo gari inagonga kwenye kona, chukua wili spana pita nati zote za mbele moja moja. Nati zikilegea rimu inacheza kwenye habu (pale tairi linapofungiwa) na inatoa mlio unaofanana kabisa na spea iliyokufa, na ukiendelea nayo bolti zinakatika na tairi linakutangulia barabarani. Toyota nyingi ndogo nati zinakazwa 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), yule kijana wa pancha hana kipimo hicho ila mtu mzima akikaza kwa spana ndefu kidogo bila kuirukia kwa miguu anakaribia.

Alafu tafuta sehemu ya wazi, uwanja wa mpira hata wa vumbi au parking ya kanisa siku ya kazi, fungua vioo vyote, zima redio na feni. Fanya hivi vitu vinne na uandike kwenye simu umesikia nini: simama injini inawaka uzungushe steringi kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, tembea polepole ukiwa umekata yote, duara la kushoto alafu la kulia, rudia maduara hayo kwa rivasi, mwisho pita kwenye tuta tairi moja moja, kwa mshazari. Ukipata ukuta mrefu pita pembeni yake karibu, sauti inagonga ukuta inarudi kwako, unaisikia vizuri mara mbili ya ulivyokuwa unaisikia.

Na usisahau mtu wa pili. Wewe ukiwa ndani unasikia kila kitu kinatokea mguuni kwa dereva hata kama kinatoka upande wa pili.

Ta-ta-ta-ta inayofuata mwendo wa tairi, ukiwa umekata kona na unakanyaga mafuta

Hii ndo sivi jointi ya nje, na hapa sina ubishi sana. Kipilefti ndo kinaisema vizuri, unazunguka na mafuta kidogo inaanza ta… ta… ta, ukiongeza mwendo inakuwa tatatata, ukinyoosha steringi inakata. Ukiachia mafuta inapungua au inapotea kabisa.

Sababu nayo ni moja karibu mara zote: ile raba yake imepasuka. Sivi jointi ndani ina gololi sita zinazokimbia kwenye njia zake, zinaishi kwa grisi, na grisi inaishi kwa raba. Raba ikichanika hata kidogo, mzunguko wa tairi unaitupa grisi nje, mchanga na maji yanaingia, na gololi zinaanza kula njia zake. Sisi wa pwani ndo kabisa, ule mchanga mlaini unaingia kila mahali.

Kuangalia ni rahisi na huhitaji kulala chini. Kata steringi mpaka mwisho upande mmoja, toka nje, chungulia nyuma ya tairi lililofunguka na tochi ya simu. Utaona raba yenye mikunjo kama akodioni. Kama ina mpasuko, au kuna grisi nyeusi imerushwa duara kwenye rimu kwa ndani na kwenye shokapu, umeshapata jibu. Pitia mikunjo yote, mpasuko unapenda kujificha kwenye mkunjo wa ndani ambao unafunguka tu steringi ikiwa imekatwa.

Upande gani? Kawaida ukikata kulia gari inalalia upande wa kushoto, kwahiyo sivi jointi ya kushoto ndo inabeba mzigo na ndo inapiga kelele, na kinyume chake. Ila usichukue hii kama msahafu, nimeona gari zinagonga upande ule usiotegemea. Mwambie mtu wako atembee pembeni ya gari wakati unazunguka taratibu, awe nje ya duara na mbali kidogo na tairi, atakuonyesha kwa kidole.

Sasa marekebisho yanategemea umefika hatua gani. Raba imepasuka lakini bado hamna sauti: badilisha raba tu, waoshe sivi jointi mpaka iwe safi, waweke grisi yake, ile nyeusi yenye molibdeni inayouzwa pamoja na raba, wasikuwekee grisi ya kawaida ya beringi za habu. Klampu ziwe za chuma, zile taitai za plastiki zinakaa wiki. Lakini kama sauti imeshaanza, raba mpya na grisi mpya ni kuosha maiti, itapunguza kelele siku chache alafu inarudi. Hapo ni kubadilisha sivi jointi au draivu shafti nzima.

Mtaani kuna ujanja wa kuhamisha sivi jointi ya kushoto kwenda kulia ili gololi zikimbilie upande ambao haujaliwa. Unafanya kazi kweli, kwa muda, ukiwa huna hela mwezi huu siwezi kukukataza, ila usije ukasafiri nayo kwenda mkoani ukasema nimerekebisha.

Ukienda kununua nenda na ya zamani mkononi. Hesabu meno ya shafti nje na ndani, angalia kama ya kwako ina ule mduara wa meno ya ABS (breki zisizoruhusu tairi kujifunga) na hiyo mpya unao, pima urefu. Kwa jicho zinafanana kabisa, alafu taa ya ABS inawaka ukifika nyumbani. Ukinunua ya used kunja jointi kwa mkono huku unazungusha, isikwame mahali popote na isiwe na mchezo wa kuzunguka bila kuvuta shafti.

Kufungua shafti sio kazi ya kujifunzia barabarani. Oili ya gia inamwagika ukivuta shafti na inatakiwa irudishwe kiasi kilekile, na ile nati kubwa ya katikati ya habu kwenye Toyota nyingi ndogo inakazwa karibu 216 Nm, mkono mtupu haufiki huko. Fundi akiikaza kwa nyundo na patasi unaweza kujikuta beringi ya habu nayo inakufa mapema.

Jambo moja watu wanalisahau: kama gari yako inasukumwa na tairi za nyuma, haina draivu shafti mbele. Mark X ya kawaida, Hiace isiyo 4WD (isiyovuta kwa tairi zote nne), ile Town Ace Noah yenye injini chini ya viti, hizo hazina sivi jointi mbele, fundi akikuambia sivi jointi ya mbele imekufa muulize iko wapi.

Tok au "doing" ukizungusha steringi gari imesimama

Hii ndo iliyonitesa. Unapaki, unazungusha steringi, unasikia kitu kinavutika alafu kinaachia, tok, wakati mwingine na mlio kama waya wa gitaa. Saa nyingine unahisi steringi inakwama kidogo alafu inaruka.

Wa kwanza kushukiwa ni beringi ya juu ya shokapu, ile inayokaa ndani ya shokapu maunti chini ya boneti. Kwenye gari nyingi ndogo shokapu lote na springi yake vinazunguka pamoja na tairi ukikata, na kile kinachoruhusu kuzunguka ni hiyo beringi. Ikijaa vumbi na kutu inagoma, steringi inazidi kukata, springi inajikunja kama kitambaa unachokikamua, ikichoka inaruka kurudi. Hiyo ndo tok yako.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Handibreki juu, gia kwenye P, mtu azungushe steringi polepole, wewe weka kiganja juu ya springi kwa nje kabisa kupitia juu ya tairi, vidole visiingie katikati ya koili hata kidogo. Beringi nzima utahisi springi inazunguka laini. Iliyokufa utaihisi inatulia, inatulia, alafu inaruka na sauti pamoja. Fungua na boneti uangalie ile maunti juu, raba ikiwa imechanika au nati ya katikati inacheza unaiona.

Kama gari yako mbele ina wishiboni (mikono ya chuma inayoshika tairi) mbili, juu na chini, kama Mark X, ruka hii sehemu nenda kwenye boli jointi (kiungo cha kati ya wishiboni na tairi) moja kwa moja, maana shokapu la gari hizo halizunguki na tairi.

Wa pili ni springi yenyewe. Ncha ya chini inakatika, kipande kama cha nusu mzunguko, na kwakuwa imekalia kikombe chake huwezi kuona kirahisi. Linganisha kushoto na kulia kwa tochi. Na kama tatizo limeanza baada ya kubadilisha shokapu, basi hata usihangaike na mengine, rudi kwa huyohuyo fundi, inawezekana ncha ya springi haijakaa kwenye ngazi yake au nati ya juu haijakazwa, au amefunga maunti za zamani kwenye shokapu mpya ambayo ni uchoyo wa mahali pabaya.

Hapa ONYO, na nalisema kwa herufi kubwa kwasababu nimeona watu wanafanya. USIFUNGUE ILE NATI YA KATIKATI YA JUU YA SHOKAPU. Ile ndo inayozuia springi iliyobanwa. Ukiifungua bila vibanio vya springi, springi inaruka na nguvu ya kuvunja mkono au kichwa. Kuna mafundi wanabana springi kwa kamba au waya, ukiona hivyo kaa mbali, ikiwezekana ondoka na gari yako.

Wa tatu ni boli jointi ya chini, iliyokauka. Ukizungusha steringi inalia kama mlango wa mbao alafu inapiga. Mwambie mtu azungushe wewe gusa boli jointi kwa ncha ya vidole, mtetemo unausikia moja kwa moja. Kuna wanaochoma sindano kwenye raba na kuingiza grisi, kelele inaisha kweli, lakini kilichokauka kimeshalika. Kama kipimo ni sawa, kama matengenezo hapana.

Kugonga kwenye matuta na mashimo, na zaidi ukikata kona kuingia getini

Mara nyingi ni stabilaiza linki, kile kifimbo kinachoshikilia ncha ya stabilaiza (chuma kinachozuia gari isilalie sana kona), na ni habari njema kwasababu ni kati ya spea za bei ya chini humu. Inagonga ko-ko-ko, kavu kama mtu anagonga mlango na kokoto, hasa tairi moja likipanda na lingine likibaki chini, ndo maana mshazari wa getini unaitoa. Barabara nzuri ya lami inanyamaza. Gari ikiwa chini, tairi zote zimekanyaga, shika linki kwa mkono itikise kwa nguvu. Ikicheza hata kidogo imeisha. Kipimo cha uhakika zaidi, fundi atoe linki zote mbili, funga zisining'inie, zungukeni nayo mtaani taratibu. Sauti ikipotea umepata. Gari italalia kona zaidi bila hizo kwahiyo usiende nayo mbali wala kasi.

Linki zikiwa nzima angalia zile raba mbili zinazoshika stabilaiza kwenye krosi memba (boriti ya chuma chini ya injini). Zikilika chuma kinacheza ndani yake, sauti ni ya chini, nzito, kama mtu anapiga teke sakafu.

Baada ya hapo njoo kwenye bushi za wishiboni, hasa ya nyuma, ile kubwa. Hii ina tabia yake: inagonga ukifunga breki huku umekata, na ukitoka P kwenda R inatoa dunduu moja. Chungulia, raba ikiwa imeachana na chuma au imetoa mafuta, imekwisha. Usiichanganye na injini maunti (kishikio cha raba kinachobeba injini), ambayo pia inagonga ukibadili gia. Kutofautisha: simama, kanyaga breki vizuri, hakikisha mbele hamna mtu wala ukuta, boneti imefunguliwa na mtu anaangalia akiwa pembeni, weka D alafu R. Injini ikinyanyuka kama inataka kutoka, ni maunti.

Na mwisho kwenye kundi hili, ambao ndo hatari kuliko wote, boli jointi iliyolegea na tairodi endi (kiungo cha mwisho cha fimbo ya steringi inayogeuza tairi). Hivi havibahatishwi.

Piga jeki, weka stendi, tairi za nyuma zizuie kwa mawe, kama huna stendi usiingize mwili chini, jeki ya kwenye buti la gari ni ya kubadilishia tairi basi. Tairi likiwa hewani shika mkono mmoja juu mwingine chini, sukuma na vuta. Alafu mkono mmoja kushoto mwingine kulia, fanya vilevile. Zile video za wazungu wanasema saa kumi na mbili na saa sita, alafu saa tatu na saa tisa, na uzuri ni kwamba hata ukizisoma kwa saa zetu za Kiswahili zinageuziana tu nafasi, jibu linabaki lilelile.

Likicheza juu na chini, ni boli jointi au beringi ya habu. Mtu akanyage breki wewe tikisa tena: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boli jointi. Hakikisha kwa mtaimbo, weka chini ya tairi nyanyua kidogo kidogo huku mwenzako anaangalia boli jointi na tochi, ile shingo ikipanda na kushuka ndani ya nyumba yake imekufa. Likicheza kushoto na kulia tu, ni tairodi endi, au raki endi iliyo ndani zaidi, kwenye raki (mtambo wa chini unaopokea steringi na kugeuza tairi). Shika raba ya raki iminye, ukihisi kitu kinagonga humo ndani mtu akitikisa tairi, ni raki endi.

Boli jointi ikichomoka gari inapiga magoti, tairi linalala, na hapo steringi haikusikilizi tena. Ukikuta mchezo usiseme nitaenda nayo kazini leo alafu kesho nitaipeleka. Na usikubali boli jointi ya kugongwa nyundo ibane au ya kuchomelewa, hata kama fundi anaapa. Ukibadilisha tairodi au raki endi lazima ukafanye wili alaimenti siku hiyohiyo, la sivyo tairi zinaliwa upande mmoja na mwezi ujao unanunua tairi.

Tok moja tu, ukitoka rivasi kwenda mbele

Unatoka nyuma ya nyumba umekata steringi, unaweka D, unagusa breki, tok. Mara moja. Alafu siku nzima kimya mpaka urudi nyuma tena.

Angalia breki padi kwanza. Zinakaa kwenye vile vibati vya springi ndani ya kalipa (chombo kinachobana padi kwenye diski), na fundi aliyebadilisha padi akiviona vimepata kutu anavitupa. Padi inabaki na nafasi, ukienda mbele inahamia mbele, ukirudi inahamia nyuma, kila ikihama inapiga. Sio hatari ya leo, nunua vibati. Ila wakati uko hapo kaza na bolti za kalipa, hizo zikilegea ndo hatari. Ikiwa padi ziko sawa, inaweza kuwa nati kubwa ya habu haijakazwa ipasavyo baada ya kubadilisha shafti, au bolti za krosi memba zimelegea baada ya kushusha gia boksi. Kumbuka kazi ya mwisho iliyofanyika kwenye gari. Mara nyingi jibu liko kwenye risiti ya mwisho.

Sauti iko ndani, unaihisi mkononi

Hii watu wanaihangaikia chini wakati iko juu. Ukizungusha steringi kushoto kulia kidogo kidogo gari imesimama, unasikia tik-tik na mkono unaihisi, miguu haihisi. Mara nyingi ni ile jointi ya msalaba ya shafti inayoshuka toka steringi kwenda kwenye raki, chini ya pedali. Weka mkono juu yake mtu azungushe. Ikicheza bila raki kuzunguka, ibadilishwe, na bolti zake zikaguliwe na mtu anayejua kwasababu ndo kitu pekee kinachounganisha mikono yako na tairi.

Kama ni mkwaruzo wa kama karatasi ndani ya steringi yenyewe karibu na honi, ni ule mkanda wa waya wa airbag. Usiufungue mwenyewe. Airbag ikifyatuka usoni umbali huo sio mchezo.

Ukiona fundi anasema ongeza oili ya pawa steringi, kwanza tafuta kichupa chake kwenye injini. Gari nyingi ndogo zina mota ya umeme, hazina oili hiyo kabisa. Kwenye zile zenye oili, ikipungua mlio wake ni wa kunguruma au kupiga mluzi, sio tok.

Gari inashika na kupiga ukikata kona, kama imefungwa kamba

Kwenye 4WD za kuweka mwenyewe kama Jimny, Hilux na wenzao, angalia kama umeiacha kwenye 4H (tairi zote nne zinavuta) ukiwa kwenye lami. Tairi za mbele na za nyuma kwenye kona hazitembei umbali sawa, kwenye matope zinateleza zinajirekebisha, kwenye lami kavu hazina pa kuteleza kwahiyo zinabana, zinaruka, zinapiga. Hakijaharibika kitu. Rudisha 2H (tairi mbili tu), nyoosha, rudi nyuma mita chache.

Zenye 4WD ya muda wote angalia tairi. Ukiwa umefunga mbili mpya na mbili kipara, au saizi tofauti, mfumo unahangaika muda wote. Tairi zikiwa sawa na Forester ya zamani ya otomatiki bado inabana, kuna sehemu ya fyuzi imeandikwa FWD kwenye injini, ukiweka fyuzi gari inakuwa ya tairi mbili za mbele. Kubana kukiisha shida iko kwenye gia boksi, nyuma. Hiyo ni ya fundi wa gia, na toa fyuzi ukimaliza kupima.

Kukwaruza ukifika mwisho wa steringi

Hii ndogo. Tairi kubwa kuliko ya gari, madigadi imelegea, au ile plastiki ya ndani imeng'oka klipu na inalambwa na tairi. Tafuta sehemu inayong'aa kwenye plastiki, funga.

Wakati wa kuzima gari na kupiga simu

Steringi imelegea ghafla au imekuwa nzito upande mmoja, tairi moja limesimama kwa mshazari ukiliangalia kwa mbele, gari inavuta upande baada ya mlio mkubwa, boli jointi au tairodi ina mchezo unaouona kwa macho, sivi jointi imeacha ta-ta-ta sasa inapiga pigo zito na gari inashtuka, nati za tairi zimekatika hata mbili. Hapo hamna cha nitaendesha taratibu. Ukiita gari la kuvuta, sema mapema unaendesha gari ya aina gani: inayovutwa na tairi za mbele inyanyuliwe mbele, na 4WD ya muda wote waje na lile la kubeba gari nzima mgongoni, maana ikiburuzwa tairi mbili zikiwa chini unaua na gia boksi ambayo ilikuwa nzima.